Usukani wa Land Rover ya Zahanati

Land Rover iliyonifundisha usukani ilikuwa ya zahanati moja ya misheni mkoani Iringa. Ilikuwa ile ndefu, 109, toleo la Series IIA. Taa zake za mbele zilikaa katikati, kwenye wavu wa rejeta, wala si kwenye madigadi, na kwa alama hiyo fundi yeyote wa enzi zile alijua imetoka kiwandani Solihull, Uingereza, kabla taa hazijahamishiwa pembeni mwishoni mwa miaka ya 1960. Bodi yake ilikuwa ya alumini, kwa hiyo juu ilionekana nzima. Chesisi ni chuma, na kutu yote ilikuwa huko chini, mahali ambapo mnunuzi hainami kutazama.

Iliingia gerejini kwa baba mdogo, Mlandege mjini Iringa, Aprili 1984. Mwezi siwezi kuusahau kwa sababu nchi ilikuwa kwenye msiba. Alhamisi ya tarehe 12 Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alifariki kwa ajali ya gari Dakawa, Morogoro, akitoka Dodoma kwenye Bunge. Watu walikaa karibu na redio wakisema kwa sauti ya chini. Gerejini kwetu, madereva waliokuwa wakija siku zote kwa ajili ya injini tu, sasa waliomba breki na usukani vitazamwe kwanza. Katika siku hizo ndipo Sista wa zahanati ile alipofika na Land Rover yake.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia, nafasi ya kuendelea sikupata, na baba akanipeleka kwa mdogo wake nikashike spana. Kwa hiyo niliyaona mambo haya nikiwa chini ya gari, uso juu, mchanga ukiniingia machoni.

Lazima niseme neno kuhusu hali ya spea, maana bila hilo msomaji kijana hatanielewa. Mpaka wetu na Kenya ulifungwa Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Mwaka uliofuata ikaja vita ya Kagera, na baada ya vita fedha za kigeni hazikuwapo. Gari likiharibika lilikaa. Yadi za idara na mashirika zilijaa Land Rover zilizowekwa juu ya mawe, zimenyofolewa kila kinachofunguka. Mpaka ulifunguliwa tena Novemba 1983, na ndiyo kwanza madereva wa malori walikuwa wameanza kurudi na vifurushi kutoka Nairobi. Fundi wa miaka ile alipimwa kwa kile alichoweza kukiokoa. Tulichonga gasketi kwa karatasi ya boksi, tulifufua pampu za maji, tulishona mikanda. Baba mdogo alikuwa hodari wa kuokoa kuliko wengi niliowaona baadaye. Lakini alikuwa na mstari wake, na mstari huo ulipita kwenye usukani.

"Tumsifu Yesu Kristo," Sista alisalimu akishuka.

"Milele amina, Sista. Karibu." Baba mdogo alikuwa Mlutheri, lakini salamu ya mtu hakuiacha ianguke.

Sista alikuwa muuguzi, mwenyeji wa Njombe, mwanamke mfupi mwenye mikono yenye nguvu. Aliendesha mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kliniki za vijijini: kupima watoto uzito na kuwachanja surua, polio, pepopunda, kifaduro. Vijiji vyake vingine vilikuwa bondeni, upande wa Mahenge na Ruaha Mbuyuni, na kufika huko lazima ushuke Kitonga. Asiyeijua Kitonga namwambia hivi: barabara kuu ya kwenda Zambia inapanda ukingo wa bonde kwa kona zinazofuatana, ukuta wa mwamba upande mmoja, korongo upande wa pili, na malori yenye mizigo yanapanda kwa gia ya kwanza huku mengine yakishuka.

Alieleza vizuri kuliko madereva wengi. Kwenye njia iliyonyooka gari lilitangatanga, likienda kulia, ukilirudisha linakwenda kushoto. Usukani ulizunguka sehemu kubwa kabla magurudumu hayajasikia. Na kubwa kuliko yote, akifika mwendo wa kilomita 60 hivi, gurudumu likigonga shimo, mbele kote kulianza kutetemeka, usukani ukampiga mikono, na mtetemeko haukukoma mpaka asimame kabisa. Mara ya mwisho lilimtokea akiwa ameanza kushuka Kitonga.

Alikuwa amelipeleka gereji nyingine, ambayo siitaji. Huko walimkazia stelingi boksi, kisha wakamwambia maneno ambayo nimeyasikia maisha yangu yote: "Sista, Land Rover ndivyo zilivyo."

Baba mdogo aliyasikiliza hayo hadi mwisho. Kisha akasema: "Hapana, Sista. Haikutoka kiwandani hivi."

Naomba nieleze jinsi usukani wa Land Rover hizi ulivyo, kwa sababu ndipo siri yote ilipo. Leo gari dogo lina reki, fimbo moja inayosukumwa huku na huku, na mambo yamekwisha. Land Rover ya zamani ina safari ndefu. Ukizungusha usukani, unazungusha nguzo inayoingia kwenye stelingi boksi, ambamo kuna skrubu nene na nati inayotembea juu ya gololi. Boksi linasukuma mkono, mkono unasukuma fimbo ya kwanza inayokwenda mbele. Fimbo hiyo inafika kwenye rilei, iliyosimama wima ndani ya boriti ya mbele ya chesisi. Rilei ina mkono juu na mkono chini. Wa juu unapokea, wa chini unatoa. Wa chini unasukuma fimbo ya pili, ile dragi linki, mpaka kwenye gurudumu moja, na gurudumu hilo linaliburuta lenzake kwa tairodi. Fimbo tatu, kila moja ina kiungo cha gololi kila ncha. Jumla viungo sita, ukiacha boksi, rilei na kingi pini zenyewe.

Sasa kila kiungo kikilegea kidogo tu, unene wa ukucha, mkono wako juu unapokea jumla ya vyote. Ulegevu wa usukani huchangwa kama pesa za harusi: hakuna aliyetoa kikubwa, lakini ukihesabu unashtuka. Ndiyo maana mtu anayekaza boksi peke yake hafiki popote. Anakaza kiungo kilicho karibu na mkono wa dereva, na tatizo liko karibu na tairi.

Na kukaza kule kuna madhara. Skrubu ya kurekebishia boksi inatakiwa iwekwe magurudumu yakiwa yamenyooka mbele. Hapo katikati ndipo meno yanapofanya kazi siku zote. Ukikaza mpaka mchezo wote usiotoka kwenye boksi uonekane umepungua, umelibana boksi lenyewe. Usukani unakuwa mzito na, kibaya zaidi, haujirudishi wenyewe baada ya kona. Sista alikuwa anatoka kwenye kona akiurudisha kwa mikono yote miwili. Alidhani ni uzito wa gari.

Baba mdogo hakugusa boksi siku ile. Alianza chini. Kwanza upepo wa matairi, maana upepo usiolingana peke yake unatosha kulivuta gari upande. Kisha akapitisha kiganja juu ya tairi kwenda ndani, akakirudisha kuja nje. Upande mmoja lilikuwa laini, upande wa pili lilikwaruza. Akanishika mkono akaupitisha na mimi. "Tairi linaloburuzwa kwa ubavu linalika hivi," alisema. "Alaimenti imetoka."

Akakagua yu-bolti zinazofunga ekseli kwenye springi. Mbili za kushoto zilizunguka kwa spana bila nguvu. Ekseli nzima ilikuwa na uhuru wa kusogea juu ya springi. Sijui ni gari ngapi nimeziona tangu hapo ambazo dawa ya usukani ilikuwa pale tu, kwenye nati nne ambazo hakuna aliyezikumbuka tangu springi zilipobadilishwa.

Tukapiga jeki. Akashika gurudumu la kushoto, mkono mmoja juu na mmoja chini, akalitikisa. Likacheza. Akaniambia nikanyage breki, akatikisa tena, bado likacheza. Nikauliza breki inahusu nini. Akanieleza: ukikanyaga breki, habu na gurudumu vinashikamana na kile kilicho nyuma yake; mchezo ukiisha, ni beringi za gurudumu; mchezo ukibaki, ni kingi pini. Huu ulikuwa wa kingi pini.

Kisha likaja zoezi ambalo mpaka leo naamini ndilo msingi wa kazi yote hii. Tulilishusha gari chini, likakaa kwa uzito wake. Mimi nikapanda nikakaa kwenye kiti cha dereva. Akanitaka niupeleke usukani kushoto na kulia kwa haraka, kidogo kidogo, bila kugeuza magurudumu. Yeye akalala chini na kuweka vidole juu ya kiungo cha kwanza, nusu ya kidole upande huu, nusu upande ule. "Tena," alisema. Akahamia cha pili. "Tena. Usiache. Tena." Kiungo kizima unasikia vipande vyote viwili vinasogea pamoja. Kiungo kilichokufa, kimoja kinasogea na kingine kinachelewa, na kidole kinahisi kuchelewa huko hata kama jicho halioni.

Halafu tulibadilishana. Akakaa yeye juu, nikalala mimi. Hakuniambia amepata nini. Nilitakiwa niseme mimi. Nilitaja tairodi endi mbili na ncha moja ya dragi linki, kisha nikasema kwenye rilei kuna kitu, mkono wa juu unayumba kama mlingoti kabla wa chini haujasogea. Aliposhuka alikuwa anatabasamu. Hiyo ndiyo siku niliyojua nitakuwa fundi.

Rilei ndiyo iliyotutesa. Mafundi wengi wa sasa hawaijui, na wengi wa zamani waliikwepa, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Ni bomba la chuma la kutupwa, na ndani yake inapita shafti. Kwenye shafti kuna bushi mbili zenye umbo la koni, moja juu na moja chini, kila moja imepasuliwa nusu mbili. Zimetengenezwa kwa Tufnol, kitambaa kilichogandishwa kwa gundi ngumu mpaka kikawa kama mti wa mpingo. Katikati yake imebanwa springi nene, nayo inazisukuma bushi zibane shafti. Bomba lote hujazwa oili ya gia. Ule mbano umewekwa kwa makusudi. Unauzuia usukani usipigwe na kila jiwe, unatuliza mtetemeko kabla haujakua. Rilei ikikauka oili, maji yakaingia, bushi zinalika na shafti inapata kutu. Hapo kile kilichotakiwa kutuliza mtetemeko kinakuwa sehemu ya mtetemeko.

Kuitoa ni shughuli. Bomba la chuma limekaa ndani ya tundu la chuma, kwenye boriti ya mbele inayopokea maji na matope yote ya barabara, kwa miaka zaidi ya kumi na tano. Tulitoa wavu na rejeta. Tulifungua mikono ya juu na chini, ambayo imeshika shafti kwa meno na bolti ya kubana, na yenyewe ilikataa mpaka ikapashwa moto kidogo. Tulifungua bolti za rilei. Haikutikisika. Tulimimina dizeli kuzunguka, jioni na asubuhi, tukaiacha inywe. Tuligonga kwa nyundo kubwa, tukiwa tumeweka kipande cha mti ili tusivunje. Wapi.

Mwishowe baba mdogo aliweka jeki ya chupa chini ya rilei yenyewe, juu ya kipande cha bomba, akapandisha mpaka uzito wa mbele ya gari ukakaa juu ya rilei ile. Kisha akaanza kugonga boriti pembeni, taratibu, huku na huku. Kazi nyingine tukaendelea nazo, kila tukipita tunagonga. Ilipokubali ilitoa mlio uliowafanya hata wauza mkaa wa ng'ambo ya barabara wageuke.

Ndipo alipotukusanya vijana wote wa gereji. Rilei iliyo mkononi mwako, alisema, ni mtego uliotegwa. Ile springi ndani imekandamizwa kwa nguvu nyingi, na ukisukuma shafti nje, bushi zinaachia na springi inaruka pamoja nazo. Aliifunga rilei ndani ya gunia la katani, mzunguko juu ya mzunguko, akaukaza mdomo kwa kamba, akaielekeza kwenye ukuta, na kuigonga shafti akiwa amesimama ubavuni. Tulisikia kishindo ndani ya gunia. Gunia lilitoboka upande mmoja. Hakuna aliyehitaji kuelezwa mara ya pili.

Ndani hapakuwa na oili hata tone. Palikuwa na maji mekundu ya kutu na tope. Sili zilikuwa zimekatika. Bushi za Tufnol zilikuwa zimelika lakini moja tu ndiyo iliyovuka kiasi, na shafti tuliisugua ikarudi kung'aa isipokuwa pete moja ya kutu. Baba mdogo aliwahi kunyofoa rilei kwenye Land Rover iliyopinduka, akaihifadhi kwa miaka ndani ya mkebe wa oili. Kutoka humo alipata bushi nzima na shafti. Sili alizipata kwa rafiki yake mkereza vyuma, aliyezipima kwa kipenyo na kutafuta zinazolingana kwenye mabaki ya pampu.

Kuirudisha springi kulihitaji kifaa. Mkereza alitutengenezea fimbo ndefu yenye nyuzi na nati na washa nene, tukaibana springi kidogo kidogo mpaka ikaingia kwenye bomba. Nusu za bushi zilifungwa kwa pete za kubania mpira wa rejeta ili zisitengane wakati zinaingia. Kila mzunguko wa spana, baba mdogo alisema: "Uso pembeni." Alipomaliza, alifungua bolti mbili za juu, akajaza oili kwenye tundu moja huku hewa ikitokea kwenye lingine, mpaka oili ikachungulia pande zote mbili. Alinifanya nitazame hiyo oili inayochungulia. Hakuna kijiti cha kuipima, alisema. Usipofungua hujui.

Tairodi endi hazikuwa na njia ya mkato. Tulimwagiza dereva wa lori aliyekuwa akielekea Arusha na mbele, na baba mdogo alimwandikia kwenye karatasi: za nyuzi za kulia, na za nyuzi za kushoto. Fimbo hizi zina nyuzi za kulia ncha moja na za kushoto ncha nyingine, ili ukizungusha fimbo yenyewe irefuke au ifupike bila kufungua kitu. Dereva alirudi na zote za kulia. Karatasi ilikuwa imelowa. Ikabidi tusubiri tena.

Kusubiri huko ndiko kulikoleta maneno. Sista alikuja kila baada ya siku chache, kwanza kwa upole. Halafu upole ukaisha. Alikuwa na chanjo kwenye friji la mafuta ya taa, na akina mama walioambiwa tarehe walikuwa wanatembea kutoka mbali kuja kukuta hakuna mtu.

"Mzee, watoto wa Mahenge wananisubiri. Wengine wanachomelea viungo hivi, gari linatembea."

Ni kweli wengi walichomelea. Walijaza chuma kwenye kikombe cha kiungo, au waligonga mdomo wake kwa nyundo ili ubane gololi, na kwa wiki mbili tatu usukani ulikuwa imara. Tatizo ni kwamba pini ya gololi imetengenezwa kwa chuma kilichopewa ugumu wake kwa moto na kupozwa kwa kipimo. Ukikipasha tena kwa moto wa kuchomelea, ugumu ule unaharibika, na pembeni ya mshono wa kuchomelea panabaki mahali panapovunjika bila kuonya. Breki hudhoofika polepole. Gia hupiga kelele. Pini ya usukani hukatika mara moja.

Baba mdogo alikaa kwenye kigoda chake, akafuta mikono. "Sista, likikosa breki Kitonga, utalishusha kwa gia, na ukuta wa mlima upo. Likikosa usukani hakuna utakachofanya. Mimi sitalitoa. Kama unataka lichomelewe, nitalifunga lilivyokuwa, ulivute uende nalo, nami sidai kitu."

Alikuwa amekwisha kutumia oili yake, muda wake na rilei yake ya akiba. Sista alisimama muda mrefu. Alichukua pikipiki ya kuazima akaenda Mahenge na boksi la chanjo mgongoni, na gari lilibaki.

Kingi pini tulizifanya wakati huo. Chini ya kofia ya pini ya juu kuna shimu nyembamba. Ukitoa shimu unaongeza mbano, ukizidisha mbano usukani unakuwa mzito. Kitabu cha gari kinataka upime kwa mizani ya kuvuta, ukiwa umeondoa fimbo, unaona ni uzito gani unaohitajika kugeuza mkono wa gurudumu. Mizani tuliazima kwa muuza nyama wa soko kuu. Nilivuta mimi, baba mdogo akasoma. Shimu moja ilitoka, kisha nyingine. Wengi hufikiri pini ikizunguka bila kishindo basi imetosha. Haitoshi. Mbano huo ndio unaozuia magurudumu yasianze kupigana yakigonga shimo, na mtetemeko wa Sista ulizaliwa hapo zaidi kuliko mahali pengine popote.

Viungo vilipokuja vyote tulivifunga, tukatia pini mpya za kufungia nati, wala si misumari iliyokunjwa. Kisha alaimenti, bila mashine. Tulizungusha kila gurudumu la mbele likiwa hewani na kuchora mstari kwa msumari katikati ya tairi iliyopakwa chaki. Tukalishusha gari, tukalisukuma mbele kidogo litulie. Kwa fimbo mbili za mianzi zilizofungwa pamoja tulipima kati ya mistari, mbele ya magurudumu na nyuma yake, kwa kimo cha habu. Land Rover hizi zinataka mbele pawe pembamba kuliko nyuma kwa milimita 1.2 hadi 2.4. Yetu ilikuwa imefunguka upande wa pili, mbele pana. Tulizungusha tairodi mpaka kipimo kikakaa, tukakaza klempu.

Mwisho wa yote, ndipo alipogusa stelingi boksi. Alikagua bolti zinazolishikilia kwenye bodi, akajaza oili, akanyoosha magurudumu, akailegeza ile skrubu iliyokazwa na wenzetu, na kuirudisha taratibu mpaka mchezo ukaisha bila uzito kuanza. Ilichukua muda mfupi kuliko kunywa chai.

Sista aliendesha mwenyewe, baba mdogo pembeni yake, mimi nyuma. Tuliteremka Ipogolo, tukavuka Ruaha Mdogo, tukashika barabara ya Ilula. Alifika 60. Akapita 60. Palikuwa na mashimo mengi kwenye lami miaka ile, na moja lilikuwa kubwa. Tulirushwa, na mikono ya Sista ilikaza usukani ikisubiri. Hakuna kilichotetemeka. Aliendelea kukaza mpaka kilomita kadhaa baadaye, nikaona mabega yake yanashuka. Kitonga tulishuka kwa gia ya pili, na baada ya kila kona usukani ulijirudisha wenyewe, unateleza kwenye viganja vyake.

Chini kabisa, Mahenge, alizima gari. "Leo ndiyo mara ya kwanza nimeutazama mlima," alisema. "Siku zote natazama kofia ya injini."

Gari lile lilifanya kazi ya chanjo kwa miaka mingine mingi, na kila masika lilirudi kwetu kufunguliwa bolti mbili za rilei. Baba mdogo alifariki mwaka 2003. Mimi niliendelea na gereji, Iringa kisha Mbeya, na magari yenye usukani wa maji yakaja, kisha ya umeme, na vijana niliowafundisha wakajifunza kuunganisha kompyuta kabla ya kujifunza kulala chini ya gari.

Oktoba 2024 nilikwenda Arusha kwenye tamasha la Land Rover. Nilifurahi kwa dhati. Mamia ya magari, na kati yake zile za taa za katikati, zimepakwa rangi mpya, viti vya ngozi, matairi mapana. Nilimwomba kijana mmoja, mwenye 109 safi kabisa, anishikie usukani autikise kidogo. Niliinama kwa shida, maana magoti si yale, nikaweka vidole kwenye rilei. Mkono wa juu uliyumba. Nikamwuliza gari linakwendaje barabarani. Akacheka kwa upole, kwa heshima ya mzee, akasema, "Baba, si unajua Land Rover ndivyo zilivyo."

Gari lile lilikuwa limekula mamilioni ya rangi na ngozi, na kesho yake lingeshuka barabara ya Babati likiwa na watoto wa kijana yule ndani.

Kwa hiyo nawaomba ninyi mnaonunua magari haya ya zamani na kuyapenda. Kabla ya rangi, tafuta mtu wa pili. Mmoja akae juu atikise usukani, mwingine alale chini apitishe vidole kwenye viungo vyote sita, kisha mbadilishane. Kaza yu-bolti. Usikubali mtu yeyote achomelee kipande chochote cha usukani, hata akiwa rafiki yako, hata kama safari ni kesho. Na ile rilei, fungua bolti zake mbili za juu leo, utazame mwenyewe kama kuna oili.